Dole Gumba Langu

Kwako dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wanao, na kwamba zamu za hapo wodini hazikuchoshi kama zamani. Mimi nipo, napumua. Usishangae mwandiko huu uliopinda kama wa mtoto wa chekechea, nimeandika kwa mkono wa kushoto.

Najua unanilaumu. Wiki tano umepiga simu sikupokea, umetuma ujumbe sikujibu. Leo nakueleza yote, na tafadhali usome mpaka mwisho kabla hujamuuliza mumeo chochote.

Karakana yetu ya mikoba unaijua. Kwetu mtu akijikata hafungi bandeji, maana bandeji huvuja, na tone moja la damu kwenye ngozi nyeupe limeharibu mkoba mzima. Unafuta, unabana, unadondosha gundi ya supaglu, unapuliza, unaendelea na kazi. Hata mimi nimeshajigundisha mara nyingi tu na tukacheka.

Siku ile haukuwa mchubuko. Kisu cha kukatia ngozi kiliteleza kikaingia chini ya dole gumba la kulia, mpaka nikaona ndani mwangu mwenyewe, dada. Nikavua aproni niende zahanati. Shemeji, maana msimamizi ni yeye, akasimama mlangoni. Akasema kesho yake mkaguzi wa usalama kazini anakuja, na mtu akienda kutibiwa lazima iandikwe, na tajiri atamtafuna yeye mzimamzima. Nikamwambia kidole ni changu, si cha mkaguzi. Mdomo wangu unaujua.

Basi akatoka na simu yake kwenda ngazini. Aliporudi akasema amekupigia, na wewe umesema hata hospitali mnafunga vidonda kwa gundi, nipakwe tu nitapona. Hapo nikakubali. Yeye ningebishana naye mpaka jioni, lakini wewe ni muuguzi, tena ndiye uliyenilea. Nikanyoosha mkono. Gundi iliunguza, lo! Damu ikakata, wenzangu wakapiga makofi, nami nikarudi kitini kumalizia mkoba wangu.

Siku ya nne mkono ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira. Nikaenda zahanati bila kumuaga mtu. Daktari alipofungua, usaha ukatoka, akanigombeza kama mtoto. Alisema gundi ya hospitali ni nyingine kabisa, na hata hiyo haiwekwi juu ya jeraha la kina kabla halijasafishwa na kuchunguzwa. Kano, ule mshipa unaovuta kidole, lilikuwa limekatika. Ningefika siku ile ile wangeliunga. Sasa hakuniahidi kitu, na mpaka leo dole gumba langu halikunjiki. Sindano siishiki, mkasi siushiki, na kazi nyingine siijui.

Shemeji alikuja kuniona na machungwa, machozi yanamtiririka. Aliniomba niandikishe kwenye karatasi ya taarifa ya ajali kwamba nilijipaka gundi mwenyewe nyumbani, nifanye hivyo kwa ajili yako na watoto, akaapa kiti changu kitanisubiri. Nikasema damu nzito kuliko maji, nikatia sahihi. Niliporudi kazini nikakuta amekaa mtu mwingine, na karatasi ile ile shemeji ameshampelekea tajiri, kuonyesha kwamba niliumia kwa uzembe wangu. Hata usoni hakuniangalia. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nikuungamie. Hayo yote niliyameza. Lililonikaa kooni ni wewe. Kila nilipojaribu kufunga kifungo cha gauni nikashindwa, nilikuchukia wewe, dada. Nilisema huyu aliyesomea vidonda ndiye aliyeniuza. Ndiyo maana sikupokea simu zako.

Jana akaja yule mama anayekaa kwenye cherehani karibu na mlango. Akaniambia moyo wake umekataa kunyamaza. Siku ile alikuwa anapandisha ndoo ya maji ngazini, akamkuta shemeji pale. Hakumpigia mtu. Simu ilikuwa mfukoni. Aliegemea ukuta, akavuta sigara nusu, akaizima, akarudi ndani na maneno yako. Nililia mbele ya yule mama bila aibu.

Asubuhi ya leo nimekwenda ofisini kwa mkaguzi wa usalama kazini kufuta uongo niliotia sahihi na kuandikisha ukweli. Shemeji ataitwa Jumatano. Najua mshahara wake ndio ada ya wanao. Sikuombi ruhusa, nakupa habari usije ukazisikia kwa majirani. Ukinikasirikia, nitakuelewa.

Lakini kwa kukuchukia, nisamehe. Namba yako naijua kichwani. Ningekupigia mwenyewe siku ile, ungeniambia nikimbie hospitali. Sikupiga, kwa sababu niliambiwa umeshasema.

Nisalimie watoto wote, umkumbatie yule wa mwisho kwa niaba yangu. Baba yao sina salamu zake.

Ni mimi mdogo wako,
Pilipili