Paa la Gari Lako Limeoza, Baba Zawadi

Baba Zawadi, mume wangu,

Gari lako limeoza. Nakuambia moja kwa moja, maana hukupenda mtu akuzungushe.

Unakumbuka siku ulipolileta hapa Agincourt, huku ughaibuni kwenye baridi? Mimi nilitegemea gari la familia, la kupakia mtoto na gunia la mchele. Ukashuka kwenye gari dogo jekundu la spoti, la Kiitaliano, milango miwili, zee kuliko ndoa yetu, ukicheka peke yako. Nikakuuliza, "Na Zawadi akae wapi, kwenye buti?" Ukanijibu, "Mama Zawadi, njoo kwanza uliguse." Looo! Mtu mzima na akili zake.

Ukanifumbisha macho, ukaweka kiganja changu kwenye madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, kisha ya kulia. Hayakulingana. Ukanieleza kwamba enzi zile bodi ilifuliwa kwa nyundo juu ya umbo la mbao, kwa hiyo hakuna gari lililofanana kabisa na jingine. "Na paa hili," ukasema, "linateremka kutoka kioo cha mbele mpaka nyuma, halikatiki popote. Aliyelichora hakuinua kalamu." Ukiona barabarani gari jipya la kampuni ileile, ulinionyesha mgongo wake ukisema limerithi, kama Zawadi alivyorithi pua ya mama yako. Kila mgeni aliyekuja kula pilau ilibidi kwanza atoke nje akapapase madigadi. Niliona haya, lakini nilikupenda sana siku hizo.

Kisha ukaitwa Mombasa, mama yako mgonjwa. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka na barabara zimemwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Ukalirudisha gari limelowa, ukalifunika turubai, ukalikaza kwa kamba pande zote, vile baba yako alivyofunika lake lisiliwe na hewa ya pwani. "Usilifungue mpaka nirudi," ulisema. Mama yako akapona. Wewe ndiye uliyezikwa huko.

Nami sikulifungua. Mafundo yale uliyafunga wewe, nani angethubutu kuniambia niyaguse? Zawadi alipokua akasema, kwa Kiingereza chake, tuliuze. Nikamfokea.

Mwaka huu anaolewa. Nilitaka aende harusini ndani ya gari la baba yake, maana huna kingine ulichomwachia. Nikamwita fundi kutoka Weston, akakata kamba, akaliegemea paa. Baba Zawadi, mkono wake ulizama. Maji na chumvi vilifungiwa humo miaka yote vikila taratibu, chini ya turubai lako. Nikamuuliza kama haliwezi kufuliwa upya. Akasema wazee waliojua kazi ile wamekwisha, na hata angepatikana mmoja, hakuna bati lililobaki la kushika kiraka. Injini ataichukua. Mengine yanakwenda kwenye chuma chakavu.

Nimekukasirikia, mume wangu, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka. Ungekuwepo tungegombana, ungenichekesha, yangekwisha.

Zawadi alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Fundi alipoondoka, akaniuliza, na safari hii kwa Kiswahili: "Mama, baba alikuwaje?" Miaka yote nimengoja aniulize hivyo. Nikageuka nimwonyeshe, nikaona kutu tupu.

Pumzika huko kwenu. Lori linakuja kesho asubuhi, na mimi sitatoka nje.

Mkeo,
Mama Zawadi