Barua ya Mfalme na Kaburi la Sadala

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Wamekata maji! Mwenye shamba mpya anataka kambi yetu yote apande mkonge — wastaafu na wajane tutoke. Getini kuna walinzi. Kutoka ruksa, bodaboda ya maji haiingii. Nina madumu mawili. Mume wangu Sadala amelala kaburini nyuma ya nyumba hii mwaka wa nne. Nitamwacha na nani?

Jumatano, 3 Septemba
Nimekitoa kile kitabu cha mwalimu Mdenishi aliyetufundisha chuo cha ualimu, Korogwe. Mwaka 1520 mfalme wa Denmark aliuzingira kwa jeshi mji wa Stockholm, Sweden. Aliyeishikilia ngome ni mwanamke, Kristina. Mjane! Mumewe kafa kwa jeraha la vita. Kwa hesabu yetu alikuwa bado yumo edani. Akafunga malango. Nimesoma nalia, mtu mzima mimi.

Ijumaa, 5 Septemba
Mama Upendo, jirani yangu wa ukuta, kahamia Magoma. Kaniambia: mwalimu, nina wajukuu, nitawaogesha kwa mate? Simlaumu. Dumu moja limekwisha. Swala kwa tayamamu, vumbi badala ya maji.

Jumamosi, 6 Septemba
Tumebaki nyumba tatu. Mwanangu Muhsin kapiga simu toka Handeni: mama, kaburi ni udongo tu, njoo. Nimemkatia! Kisha nikajuta.

Kristina alivumilia miezi. Akaletewa barua ya mfalme, na mihuri juu: yote yamesamehewa. Akafungua malango. Novemba watu wake wakakatwa vichwa uwanjani, kwa amri ya mfalme yule yule. Mumewe akafukuliwa, akachomwa moto. Na barua ipo!

Nimekifunga kitabu. Sitaki kukiona.

Jumapili, 7 Septemba
Maji yamebaki kikombe kimoja. Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kambi, kaja na barua ya mwenye shamba. Ina mhuri. Kaniambia: mwalimu, saini tuhame kwa amani, maji yafunguliwe leo, viwanja tumepewa ng'ambo ya reli. Wenzako wote wamesaini. Midomo imempasuka, maskini.

Nimeisoma mara mbili. Viwanja vimo. Nauli ya kuhama imo. Nikauliza, makaburi je? Mke wa Kibwana naye kazikwa pale pale, hatua chache toka kwa Sadala. Akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma. Hakuna kitu. Kasema mwenye shamba ni muungwana, hawezi kulima juu ya watu.

Nimempa kikombe changu anywe. Kanywa chote.

Nimemwambia anisubiri kidogo. Amekaa kizingitini, kanipa mgongo. Kalamu ninayoandikia haya ni yake, aliyoniletea nisaini.