Ukitoka, Usimwambie Unakuja

Dada yangu kipenzi,

Pokea salamu za mdogo wako, nyingi kiasi kwamba bahasha imegoma kufungika. Shemeji hajambo? Na Kidoti wetu anakula vizuri? Sisi huku ni wazima, na mimi, dada, nina raha hadi naona haya. Hii ni wiki ya sita tangu niolewe, na bado nikimwona fundi vioo wangu akirudi jioni, vumbi la kioo kwenye nyusi, moyo unapiga kama nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Jana aliniwekea kioo kipya dirisha la jikoni. Alipima mara nne. Nikamtania kwamba mimi hakunipima hivyo kabla ya kunioa, akajibu kwa utulivu kabisa kwamba mimi alinichunguza miaka miwili.

Sasa barua yako. Niliisoma nimekaa juu ya ndoo. Unasema daktari amewaambia Kidoti ana usonji, mama mkwe wako anadai umemdekeza, na wewe unataka kumtoa chekechea akae ndani mpaka atulie. Unasema kinachokumaliza zaidi ni ukaidi wake mlangoni: ukienda dukani unamuaga vizuri kwamba mama anakuja, naye anajitupa chini na kupiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Kumbe ndiyo maana hukumleta harusini. Nilikununia kwa hilo, nisamehe.

Dada, jibu la mlangoni ninalo, na nililipata kwa aibu. Wiki yetu ya kwanza nilichukua kikapu, nikamwambia mume wangu nakuja, nikaenda zangu sokoni. Niliporudi baada ya saa nzima nilimkuta palepale mlangoni. Aliniuliza kwa upole kwa nini nilisema nakuja wakati nilikuwa naenda. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alisema tangu utotoni watu wanamwambia wanakuja huku wakimpa kisogo, na hajawahi kulizoea.

Basi mfikirie Kidoti. Masikio yanasikia mama anakuja, macho yanaona mama anaondoka. Hapo mkaidi ni nani? Mwambie mama anatoka, anaenda dukani, atarudi. Maneno yaleyale kila siku. Mume wangu anasema umchoree pia picha tatu: mama mlangoni, mama dukani, mama mlangoni tena, uzibandike ukutani usawa wa macho yake, aone mwenyewe kwamba kwenye picha ya tatu mama amerudi.

Mama mkwe wangu, ambaye hajui kunong'ona, naye ameongeza yake. Anasema usonji hauletwi na kudekeza wala na mkono wa mtu, na ukimsikia anayeuza dawa ya kuuondoa, mpishe apite. Umwone mwalimu wa chekechea mapema, umweleze Kidoti anaogopa nini na nini kinamtuliza. Uulize hospitali yuko wapi mtaalamu wa kumsaidia kuongea, na wako wapi wazazi wenzako, maana kulia na mto peke yako hakumfundishi mtoto hata neno moja. Na ulale. Hilo la kulala alilirudia mara mbili.

Utajiuliza wamejuaje. Hapa ndipo ninapokiri. Uliniomba barua yako asiione mtu yeyote, na mimi nilimwonyesha mume wangu siku ileile. Nilimwonyesha kwa sababu naye ana usonji, dada. Daktari alimwambia mama yake alipokuwa na miaka sita, ndiyo maana na huyo mama nilimsomea barua yako. Mimi aliniambia kabla hata ya posa, akanipa nafasi ya kughairi, nami nikampenda zaidi. Lakini ninyi nyumbani niliwaficha, nikiogopa mtamkataa. Siku ya harusi alipomwomba mpiga muziki apunguze sauti, shangazi alisema bwana harusi ana maringo. Nilimsikia, nikanyamaza. Siku hiyo hiyo moja, dada, wewe umemficha mtoto na mimi nimemficha mume, na wote wawili tumevaa sare tunacheza.

Mama mkwe wangu naye alimfungia mwanawe ndani miaka miwili ili atulie. Hakutulia, alikosa tu marafiki. Hadi leo anamwomba msamaha kwa miaka hiyo, na mwanawe hadi leo anamjibu kwamba bado anafikiria.

Asubuhi hii nimemwandikia mama yetu, nimemweleza yote ya mume wangu. La Kidoti sikuligusa, hilo ni lako kusema. Ila nakuomba, Jumatatu mpeleke chekechea. Ukiona mzigo, niite. Wewe utamshika mkono mmoja na mimi mwingine, na majirani wachungulie mpaka wachoke.

Msalimie shemeji, mbusu Kidoti kama siku hiyo anapenda kubusiwa, na kama hapendi mpungie mkono tu.

Ni mimi mdogo wako,
Mke wa Fundi (naona raha kuliandika)