Silikoni Kwenye Injini

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi mke wangu kanirushia dongo: hili gari ni mke mwenzangu, tena ndiye bi mkubwa! Nimecheka. Kweli, turbo nilifunga mwenyewe, injini nikaichokonoa ivute zaidi, na tangu hapo nalilea kama kichanga. Oili nabadilisha mapema. Halikimbizwi likiwa baridi. Likitoka mbio halizimwi mpaka lipumue.

Lakini sasa nalilea kwa ajili ya mke wangu. Mimba ina miezi minane, presha inapanda. Daktari kasema kichwa kikianza kumuuma, mbio hospitali. Hospitali iko nje ya mji, na gari la nyumba hii ndilo hilo hilo.

Leo nimekuta tone la oili chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nimeishusha, nimesafisha, nimepaka silikoni ya kuzibia. Nyingi! Isivuje hata chozi.

Jumatano, 5 Machi

Kavu kabisa. Nimejipongeza peke yangu kama mwehu.

Ijumaa, 7 Machi

Taa ya oili imewaka nikipanda kilima. Ikazimika. Roho juu!

Fundi kauliza silikoni nilipaka kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kidole. Kashika kichwa. Eti iliyozidi imeminywa ndani, inabanduka vipande, inaziba chujio. Oili ipo lakini haipandi. Turbo itatangulia kufa, injini ifuate. Nisiliwashe, atakuja kulifungua kesho jioni.

Mimi na bidii zangu! Si ningeliacha tu livuje.

Mama mkwe, aliyekuja kumwangalia binti yake, anauliza mbona sili. Nimesingizia tumbo.

Jumamosi, 8 Machi

Kichwa kinamuuma. Anaona vimulimuli. Ee Mungu, leo?

Jirani mwenye gari kasafiri. Dereva wa teksi hapokei simu. Mwingine anasema nivumilie kama saa moja hivi. Saa moja! Ambulensi imeenda kwa mgonjwa mwingine.

Nimempigia fundi. Kasema nikiliwasha naliua. Nikamwambia sababu. Akasema: basi nenda polepole, turbo isivute kabisa. Taa ikiwaka, zima injini, subiri kidogo vipande viachie chujio, uwashe tena.

Baadaye

Tuko njiani, mlimani. Taa imewaka. Nimezima.

Nasubiri vipande viachie chujio. Naandika ili mikono isikimbilie ufunguo. Mama mkwe yuko nyuma, kampakata binti yake, haulizi tena kitu. Afadhali angenitukana.

Nimejaribu kuwasha — taa haizimiki. Injini imeanza kugonga. Nimezima tena. Magari mawili yamenipita, nimepunga mkono, nimepiga kelele, hakuna aliyesimama.

Mke wangu kafumbua macho. Kauliza mbona tumesimama. Nimemwambia yote, hata silikoni.

Kasema, "Liue, mume wangu. Nifikishe tu."

Nataka kuliua! Nina hofu litakufa kabla hatujafika.

Nimewasha. Linagonga. Naweka daftari, tunapanda hivyo hivyo. Kilima bado hakijaisha.