Nilitoa Neno Saunani, Sasa Msitu wa Mama Unakwenda Rehani

Mpendwa Shangazi Lempi, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, na kama nitakosea adabu unisamehe, maana mimi ni mtu wa kushinda peke yangu ndani ya kibanda cha mashine na maneno hunitoka kwa shida, lakini safari hii maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia isipokuwa wewe wa gazetini usiyenijua sura.

Nina miaka arobaini na minne, sijaoa, naishi na mama yangu huku Nurmes, kaskazini kwenye theluji, kwenye nyumba aliyorithi kwa wazazi wake pamoja na msitu wake, na kazi yangu ni ukandarasi wa kuvuna miti, yaani kampuni ya mbao inanipa kipande cha msitu nami naingia na mashine yangu, naangusha, napogoa matawi, nakata magogo kwa vipimo, na kazi hii naipenda na sina mpango wa kuiacha, nalisema mapema usije ukanishauri nikauze dukani. Shida ni kwamba mashine yangu imezeeka, msimu huu wa baridi imekaa kwa fundi kuliko msituni, na kampuni imeniambia waziwazi kwamba nisipokuwa na mashine ya kutegemewa ifikapo Juni basi mkataba wangu, ambao huongezwa mwaka hadi mwaka, safari hii hauongezwi.

Basi nikatafuta, nikapata iliyotumika, ya mama mmoja mkandarasi wa Kuhmo anayestaafu, ina miaka saba lakini imetunzwa kama ng'ombe wa maziwa, na wakopeshaji wakaniambia mashine hiyo yenyewe itatosha kuwa dhamana, na yangu ya zamani wataihesabu kuwa malipo ya mwanzo, sitadaiwa kuweka kitu kingine chochote, nami nikawa nimeshaipenda. Halafu ikaja jioni ya sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke wa moto. Kuna muuza mashine hapa, nitamwita Kyösti ingawa si jina lake, ambaye kila Machi huwaita wakandarasi wote, anaegesha mashine mpya uani, anachoma soseji, anafungua bia, kisha tunaingia saunani, na tulipokuwa benchi la juu mwenzangu mmoja, huyo nitamwita Tuomo, akasema kwa sauti, "Ilpo huyu bado anavuna na mashine aliyobatizwa nayo, ikikohoa asubuhi hata dubu wanahama kijiji," wakacheka wote, na Kyösti akamwaga maji juu ya mawe, mvuke ukatupanda, akaniuliza taratibu, "Kwani wewe mwenyewe unasemaje, ndugu yangu, mpya unaichukua au huichukui?" nami nikasikia mdomo wangu unajibu, "Naichukua." Akauliza, "Ni neno?" Nikasema, "Ni neno," tukashikana mikono.

Wewe ni wa huku, Shangazi, unajua kwamba neno la mtu ni neno, na lililotolewa kwenye mvuke ndiyo zaidi, kwa kuwa pale mtu yuko uchi na hana hata mfuko wa kufichia kitu. Juma lililofuata Kyösti akaja na karatasi, na bei ni karibu nusu milioni ya euro, mkopo wa miaka sita, na kwa kuwa mashine yangu ya zamani haifikii hata robo ya malipo ya mwanzo inabidi nyumba na msitu wa mama viwekwe rehani. Akaniambia, "Ni utaratibu tu, mzee wangu. Mama atie sahihi, Juni unaingia msituni na mashine inayonukia upya."

Karatasi nikaziacha mezani jikoni. Kesho yake nikamwambia mama, "Zile karatasi ziko mezani." Akasema, "Nimeziona." Nikamwambia, "Ijumaa tutaenda benki." Akasema, "Nitavaa viatu vizuri." Basi, hayo ndiyo mazungumzo yetu yote, na kwa kweli mama hajapinga hata kidogo, tena siku hizi ana nguvu za ajabu, ameshusha vyombo vya bibi kabatini anavifunga kimoja kimoja kwa magazeti, na picha za ukutani ameziteremsha, nadhani ni usafi wa kuelekea Pasaka, kwa hiyo upande wa mama hakuna tatizo.

Tatizo ni mimi. Theluji inayeyuka, barabara za msituni zimefungwa kwa matope, nimekaa nyumbani nawaza, na kila nikipita karibu na ile meza nageuza uso. Ile mashine ya Kuhmo bado ipo, yule mama ameniwekea mpaka mwisho wa mwezi. Lakini ahadi ni deni, Shangazi, na nikirudi nyuma Tuomo atakuwa na la kuchekea mpaka uzeeni. Nimeazimia kufanya lililo sawa, ila sijui ni lipi, basi niambie, mtu anawezaje kurudisha neno lake akabaki mtu?

Ilpo, Nurmes (jina libadilishwe ukipenda, ingawa hapa kijijini watanijua tu)

*

Ilpo mwanangu, jina nimeliacha, maana umeshasema mwenyewe kwamba watakujua. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Nianze na la haraka. Mama yako hafanyi usafi wa Pasaka. Anafungasha. Mwanamke wa umri wake anayeteremsha picha ukutani na kufunga vyombo vya mamake kwa magazeti anajiandaa kuihama nyumba, na anajiandaa mapema ili siku ikifika wewe usipate tabu. Zile karatasi ulizoziacha mezani kama gazeti la jana, yeye amezisoma. Ameona nyumba yake imeandikwa humo, akapima mashine yako, mkataba wako na miaka sita, akaona mwisho wake ni nini, na bado akakuambia atavaa viatu vizuri. Nililia hapo, sikufichi. Kisha nikakukasirikia.

Umeniandikia "hajapinga", ukahitimisha kwamba upande wake hakuna tatizo. Huo ndio ugonjwa wetu watu wa huku. Mtu akinyamaza tunasema amekubali, kwa sababu kumuuliza kunatuchosha kuliko kuangusha msonobari kwa shoka. Wewe hukumuuliza mama yako swali hata moja. Ulimpa taarifa mbili, naye akakupa majibu mawili yenye adabu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wa kwako umeshaanza kusikika kabatini.

Sasa tuje kwenye neno lako, maana naona ndilo lililokufunga miguu. Nakubaliana nawe, ahadi ni deni, na mimi sina muda na watu wa leo ndiyo kesho hapana. Lakini hebu tazama uliahidi nini. Ulisema utachukua mashine. Hukusema utaweka msitu wa mama, kwa sababu hakuna aliyekutajia msitu wa mama pale benchini, na hata wangekutajia usingeweza kuutoa, si wako. Neno la mtu linaishia pale mali yake inapoishia. Kyösti ameuza mashine maisha yake yote, anajua ya kwako ya zamani inafika bei gani, na alijua kabla ya kumwaga yale maji kwamba peke yako hutoshi. Sharti la nyumba akalileta juma lililofuata, wewe ukiwa umeshavaa nguo na umeshafungwa na aibu. Basi neno ulilotoa halikuhusu karatasi hizi. Hizi ni habari mpya, na habari mpya inataka jibu jipya.

Simtukani Kyösti, kazi yake ni kuuza. Wala mashine mpya si dhambi, ina waranti, haikohoi, na mwenye mkataba wa miaka mitano mkononi anaweza kuibeba. Wewe unafanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja na unataka kusaini deni la miaka sita. Kampuni ikikuaga mwakani, deni la ile miaka iliyobaki litalipwa na nani, Tuomo? Huyo anayewachekesha watu juu yako saunani hatakuletea hata debe la dizeli Aprili, msitu ukiwa matope na mashine imelala. Kupanda mchongoma ni kazi ya dakika moja, kushuka ndiyo ngoma, na bahati yako ni kwamba bado uko tawi la kwanza.

Nenda Kuhmo. Usiende na fundi atakayeletwa na muuzaji, chukua fundi wako anayeijua mikono yako. Muombe yule mama akuachie mashine siku nzima ya kazi kwenye msitu wake mwenyewe, iwake ikiwa baridi, ikate magogo mazito, usikilize pampu ikishapata moto, na uone kila karatasi ya matengenezo tangu ilipokuwa mpya. Ukiridhika, rudi kwa hao waliokubali mashine yenyewe iwe dhamana, na kabla ya kusaini uwaambie miezi ya theluji kuyeyuka ulipe riba tu, mzigo mkubwa ubebwe na miezi ya baridi, ukiwa na kazi. Marehemu mume wangu aliendesha mashine miaka thelathini, na kila Aprili alikuwa anakaa jikoni kwangu akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Mkopeshaji anayejua biashara ya msitu atakuelewa bila kumchorea. Asiyeelewa, mwache akakopeshe wenye maduka.

Kuhusu Kyösti, usimpigie simu na usimtumie ujumbe. Vaa shati safi, nenda ofisini kwake mchana kweupe, hata Tuomo akiwepo, tena akiwepo ndiyo vizuri. Mwambie, "Kyösti, nilisema nitanunua. Kwa kilicho changu siwezi, na cha mama sikukuahidi. Nimekuja kulirudisha neno mwenyewe, uso kwa uso." Kisha umwambie spea na matengenezo ya hiyo iliyotumika utafanya kwake, kwa sababu mtaendelea kuonana miaka mingi na yeye ana watoto wa kulisha. Akicheka, ngoja amalize. Watu waliorudisha neno wakiwa wamesimama nimewaona wengi na wote wanasalimiwa dukani hadi leo. Waliopoteza nyumba ya wazazi ndio wasiokwenda tena dukani.

Lakini hayo yote ni ya kesho. Leo jioni una kazi moja, na ni ngumu kuliko ya Kyösti. Zima simu, mimina kahawa vikombe viwili, kaa mbele ya mama yako useme, "Mama, Ijumaa hatuendi benki. Wewe unataka nini?" Atakuambia kahawa inapoa. Hilo si jibu. Atakuambia barafu ziwani imekuwa nyembamba, na hilo pia si jibu. Kisha atanyamaza, na hapo ndipo wewe umezoea kusema haya basi, ukachukua kofia ukatoka kwenda kuangalia mashine. Leo usichukue kofia. Kaa hapo hapo mpaka aseme.