Imepona Mara Saba

Kabiro, Kawangware
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Jentrix,

Mulembe, mtoto wa kaka yangu. Hujambo huko Lindi? Kile kikohozi kiliisha ama bado unakunywa tangawizi? Sisi huku ni wazima, goti langu tu ndilo linanikumbusha umri.

Ningekupigia simu, lakini nikianza kueleza habari za hii tuktuk sauti inapanda mpaka majirani wanatoka nje. Basi nimeandika, na Shivachi fundi viatu atakuletea akija kazini kesho.

Unajua niliinunua Novemba, mpya kabisa, kiti bado kimevaa nailoni, ili niache kusukuma viti na mahema yangu ya kukodisha kwa mkokoteni. Jentrix, haijawahi kupanda mlima na mzigo bila kuzimika! Jana ilikuwa mara ya nne. Nilibeba viti vya harusi ya binti ya Wangoi, mwenye ploti tunayopanga, ikazimika pale stendi ya Kawangware 56, sokoni katikati. Bibi harusi akapita na msafara wake, akanipungia mkono. Wageni walisikiliza mahubiri yote wakiwa wamesimama.

Nikiirudisha kwa waliouza, meneja wao, Bwana Kagiri, ananiambia, "Mathe, hiyo ni kawaida. Engine mpya lazima izoee." Wanakaa nayo siku mbili, wananipa, na baada ya muda tumerudi palepale. Wangila, fundi wetu wa jua kali, anasema nimwachie saa moja tu aifungue. Nimwachie? Niliweka kila kitu kwa hii tuktuk. Ikinishinda, biashara imekwisha, na kwa miaka hamsini na minane sina nguvu ya kuanza upya.

Wewe ndiye husaidia watu na mambo ya sheria. Niambie.

Shangazi yako,
Phanice

*

Lindi, Kibera
Jumanne, 11 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Mulembe nawe. Kikohozi kimeisha, tangawizi bado nakunywa kwa sababu nimeizoea. Pole kwa goti, na pole zaidi kwa harusi, ingawa nimecheka hapo pa bibi harusi kupunga mkono. Nisamehe.

Wangila asiiguse! Akifungua hata nati moja, Kagiri atasema ni yeye aliyeiharibu, na waranti yako ya mwaka mmoja itabaki karatasi ya kufungia njugu.

Sheria inasema kitu kipya lazima kifanye kazi kilichonunuliwa kufanya. Uliwaambia ni ya kubeba viti, basi lazima ibebe viti. Wapewe nafasi ya kutengeneza, lakini si milele. Wakishindwa, unaweza kudai wakubadilishie, ama wakurudishie pesa. Kwanza tunawaandikia barua ya madai na kuwapa siku kumi na nne. Nimeiweka humu ndani, tia sahihi uwapelekee. Wakinyamaza tunaenda Mahakama ya Madai Madogo. Huko si lazima uwe na wakili, unajisemea mwenyewe. Na kwa kusema, Shangazi, sina wasiwasi nawe hata kidogo.

Ikizimika tena, irudishe kwao tu, na uombe karatasi yenye tarehe na shida yenyewe. Bila karatasi, litakuwa neno lako na lao.

Mtoto wako,
Jentrix

*

Kabiro, Kawangware
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mpendwa Jentrix,

Habari ya Pasaka? Huku tulikula chapati mpaka tukaogopana. Goti linaendelea vizuri, asante kwa ile dawa ya kuchua.

Tuktuk imezimika mara tatu zaidi. Karatasi hawatoi, eti ni za ofisi. Barua yako Kagiri aliisoma akitafuna mahindi, akaniambia, "Mathe, enda tu korti, hakuna mtu amekushika." Siku kumi na nne zilipita zamani.

Nilikuwa naogopa korti. Lakini yale mahindi, Jentrix! Nimekasirika kiasi kwamba sijui tena kuogopa. Twende. Bora uwe kando yangu.

Shangazi yako,
Phanice

*

Lindi, Kibera
Jumanne, 3 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Natumaini u mzima. Keti kwanza, kisha usome.

Kampuni imejibu madai tuliyopeleka kortini. Wameambatisha nakala za kitabu chao cha maoni ya wateja, kile kinachokaa pale kaunta. Kuna mistari saba, yote mwandiko wako, yote na sahihi yako: "Bwana asifiwe, imepona. Phanice." Mara ya tatu umeongeza "kabisa"! Wanasema mteja mwenyewe aliridhika, mara saba, kwa maandishi.

Shangazi, kwa nini hukuniambia?

Na kuna lingine. Tarehe kumi, siku ya kesi yetu, nitakuwa Naivasha kwenye mafunzo, siwezi kuyaacha. Tafadhali omba siku isogezwe, tupange cha kusema.

Mtoto wako,
Jentrix

*

Kabiro, Kawangware
Alhamisi, 5 Juni 2025

Mpendwa Jentrix,

Pole kwa wasiwasi. Kunywa hiyo tangawizi yako.

Ulitaka niandike nini? Mtu akikupa kalamu baada ya kukurudishia kitu chako, unashukuru. Kanisani tumefundishwa hivyo. Sikujua ushuhuda unaweza kupelekwa kortini.

Sisogezi siku. Nimeshaambia ploti nzima, na Wangoi ameninunulia leso ya kuvaa siku hiyo. Nenda Naivasha usome.

Shangazi yako,
Phanice

*

Kabiro, Kawangware
Jumapili, 15 Juni 2025

Jentrix wangu,

Mulembe, mulembe, mulembe! Umefika salama kutoka Naivasha? Kaa chini kwanza.

Mwamuzi ni mwanamke, mdogo kwako hata, ana miwani. Kagiri alikuja na kitabu chenyewe amekikumbatia. Akasoma yote saba, tena kwa sauti ya mchungaji, watu wakacheka. Nilitamani kuingia chini ya benchi.

Mwamuzi akaniuliza, "Mama, ulipoandika imepona, ulimaanisha nini?"

Jentrix, ulikuwa hujaniambia cha kusema, kwa hivyo nikasema ukweli. "Mheshimiwa, kwetu kanisani huwezi kushuhudia umepona kama hukuwa mgonjwa."

Akamgeukia Kagiri. "Kwa hivyo kila mara ilikuja kwako ikiwa mgonjwa?"

"Ndiyo, mheshimiwa, lakini tuliitibu."

"Na hizi tarehe kando ya kila mstari ni zenu?"

"Ni zetu."

"Asante kwa kuleta kitabu," akasema, na akaandika kwa muda mrefu.

Uamuzi ulitoka Ijumaa. Wachukue tuktuk yao, wanirudishie pesa yangu yote! Kagiri alinipigia jana, akaniita Madam, eti nipitie ofisini Jumatano. Nitapita, lakini kalamu yao siigusi. Nimeshaona tuktuk nyingine kwa wauzaji wengine, na safari hii wataipandisha mlima na viti juu kabla sijatoa hata shilingi.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kabla hatujatoka siku ile, mwamuzi aliinua yale madai yako akaniuliza nani ameyaandika. Nikasema ni mtoto wa kaka yangu, wa Kibera. Akasema yamepangwa vizuri kuliko mengi anayoletewa na mawakili. Nikalia hapo mbele ya watu wote na ile leso nikailowesha yote. Nilifurahi kuliko Ijumaa yenyewe.

Jumamosi usipange kitu kingine. Majirani wamesikia: Ndunge ana friji ya miezi miwili isiyogandisha, Irungu ana mashine ya kunyolea inayopiga watu shoti, na wengine siwajui hata majina. Nimewaambia waje saa nne, kila mmoja na karatasi zake, wakili wetu atakuwepo.

Wangoi alinisahihisha, akasema, "Lakini huyo Jentrix si wakili."

Nikamwambia, "Bado."

Shangazi yako,
Phanice