Mjukuu Wangu Anatengeneza Mkono wa Mtu

Mpendwa Mama Nasipwondi wa redio, naomba msaada, na tafadhali usitaje jina langu hewani, sema tu Mzee wa Injini, Katito, maana huku kwetu hakuna mashine ya kusaga imewahi kunishinda, mimi nasikia sauti tu nikiwa barabarani nakuambia ni nozeli imeziba dizeli, na shule niliachia darasa la tatu, na hii barua nimeandika mwenyewe, Selpha mke wa kijana yangu amenyoosha tu herufi.

Mjukuu wangu Dolphine anasomea uinjinia, hiyo akili alitoa kwangu, na mwezi wa sita alienda atachimenti, kujifunza kazi, huko Ujerumani, kwa chuo kikuu wanatengeneza roboti, nikatangaza soko yote. Wiki ya pili akatuma ujumbe, Selpha akanisomea: "Kwaro, nimepewa kazi kubwa hapa maabara. Natengeneza mkono wa mtu."

Mama, wewe unajua mkono wa mtu ni nini. Duka ikifungwa bila sababu ni mkono wa mtu, ng'ombe ikikufa ikiwa na afya ni mkono wa mtu, sasa msichana yetu anapanda ndege kwenda kuitengeneza? Nikasema labda Selpha amesoma vibaya, akafungua picha, nikaona mkono kabisa, iko na kucha, imelala kwa meza kando ya bisibisi, nyaya zinatoka kwa kifundo kama mishipa. Nilikataa chakula. Nikampigia nikamwambia arudi nyumbani, na asiporudi asiniite tena Kwaro, mimi si babu yake. Alianza kueleza, mimi nikakata simu, na Jumapili nikasimama kanisani nikaomba watu wamwombee.

Kumbe Mathews alikuwa ananisikiliza. Mathews ni yule mashine ya kusaga ilikula mkono yake ya kulia, na haikuwa mashine yangu, mimi huweka kifuniko kwa mshipi wa injini. Alikuja kwangu baada ya ibada, akakaa, akaniambia hizo mikono ameziona kwa simu, ni za watu kama yeye, ziko na mota ndani, zinafunga na kufungua. Halafu akaniuliza polepole, "Mzee, hiyo ya Dolphine inaweza shika kikombe ya chai?"

Nikamimina chai, akapokea kikombe na kushoto.

Sasa Selpha ananiambia Dolphine ameshaambia profesa anaondoka Ijumaa hii. Amebakisha wiki nne, na akitoka saa hii hapati ripoti, atarudia mwaka. Nataka akae. Lakini mimi sijawahi kuambia mtoto nimekosea, hata baba yake. Nimefikiria hivi: wewe useme kwa redio umemwamuru akae, mimi nitakuwa nimekutii tu. Ama niseme nimepata maono mengine. Gani ni bora?

Mzee wa Injini, Katito

*

Mzee wa Injini, pole. Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba. Sasa niambie, Katito kuna wazee wangapi wa injini wenye mjukuu Ujerumani? Nadhani soko lote limeshageuka kukutazama, kwa hivyo hiyo aibu uliyokuwa unaikwepa imeshapita. Kunywa maji.

Hofu yako naielewa. Mkono wenye kucha juu ya meza, hata mimi ningesukuma sahani. Na hayo maneno aliyoyatumia msichana, kwetu yana uzito, angeweza kusema "mkono wa bandia" tukapumua. Lakini wewe ni fundi, Mzee. Injini ikikohoa unafungua unaangalia ndani, huipeleki kanisani. Dolphine alikuwa anakufungulia kifuniko uone, nawe ukakata simu.

Mimi simwamuru mtu. Si mimi niliyemwambia arudi. Na hayo maono yaache kabisa, usimsingizie Mungu kazi uliyoifanya kwa mdomo wako.

Mathews usimwahidi chochote. Mkono wa maabara ni wa kujaribiwa, unaweza kuchukua miaka kabla haujamfikia mtu wa huko kwenu Nyakach. Ila lile swali la kikombe ni zuri kuliko maombi yote uliyoomba Jumapili. Mpe namba ya Dolphine amuulize mwenyewe, na wewe ukae kando usikilize, bila kueleza nozeli.

Kanisani utasimama tena, palepale, urudishe maneno yako kwa sauti ileile. Hiyo ni ya Jumapili. Leo ni Jumatano, na msichana anakunja nguo huko, kwa hivyo zima hii redio umpigie kabla hajamalizana na profesa. Asiposhika, piga tena, ana haki ya kukasirika. Akishika usianze na habari ya mashine zako. Mwambie mjukuu wako hivi tu: "Nyakwara, nilikosea, maliza kazi yako."

Na hilo neno la katikati, Mzee, usilimeze.